Zoloto, koromeo au koo: neno lipi lifae katika maandishi ya afya?

Mfasiri wa Isingiro

Ndugu zangu, nawasalimu.

Ninatayarisha karatasi ya maelezo kwa Kiswahili itakayosomwa na wagonjwa wanaosubiri kupasuliwa rovu, yaani uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo. Wasomaji wake ni wa makundi mawili yasiyofanana: wakimbizi waliotoka Kongo ya Mashariki na sasa wanaishi katika makazi ya Nakivale hapa Uganda, ambao wamekulia katika Kiswahili, na Waganda waliokipata Kiswahili darasani, jeshini au katika biashara za mipakani. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mtu anapoketi kuandika jambo la tiba kwa lugha hiyo hugundua kwamba maneno ya kawaida ya mwili yanamtosha mpaka anapofika shingoni.

Kinachonisumbua ni kiungo kile cha sauti kilicho mbele ya shingo, juu ya bomba la hewa. Nimekiona kikiitwa zoloto, kongomeo, koromeo, kikoromeo na, katika karatasi ya kituo kimoja cha afya, "kisanduku cha sauti". Karatasi nyingine iliita kila kitu koo, hata ikafikia kumweleza mgonjwa kwamba "koo la hewa liko mbele ya koo la chakula, na koo la sauti liko juu ya koo". Sentensi ninayopaswa kuiandika inasema kwamba upasuaji wa rovu unaweza kuijeruhi neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoendesha kiungo hicho, na kwamba mgonjwa anaweza kubaki na sauti ya kukwaruza.

Naomba kuelezwa mambo mawili. Je, neno zoloto lina maana hiyo hasa, au linabeba na mengine? Na je, msomaji wa kawaida hapa Uganda atalielewa?

Muuguzi wa Mbale

Ndugu Mfasiri, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo wodini. Mgonjwa wa kawaida halijui neno zoloto. Akiumwa popote kati ya kidevu na kifua atasema, "Musawo (yaani daktari), koo linaniuma," kisha atakuonyesha kwa kidole, na mimi hukifuata kidole kuliko neno. Akigusa pembeni chini ya taya, mara nyingi ni mafindofindo. Akishika ile sehemu ngumu ya mbele inayopanda na kushuka anapomeza, huenda tatizo likawa ni zoloto lenyewe au tezi iliyolizunguka kwa chini. Akishuka mpaka juu ya kifua, nitamuuliza habari za kumeza na za kiungulia. Wote watatu wamesema koo.

Hata hivyo, kutolijua neno si sababu ya kulikwepa. Chukua mgonjwa wa saratani ya kiungo hicho ambaye anatakiwa kuondolewa zoloto lote. Upasuaji huo si jambo geni duniani, kwani daktari mpasuaji Theodor Billroth aliufanya Vienna mwaka 1873. Baada ya kuliondoa, daktari huishona ncha ya juu ya bomba la hewa kwenye tundu mbele ya shingo, na mgonjwa huvuta pumzi kwa tundu hilo maisha yake yote. Sauti yake ya asili haipo tena. Chakula, kidonda kikishapona, kinaendelea kupita kinywani na katika umio, yaani njia ya chakula, kama zamani. Sasa mtu huyo umwambie kwamba "tutaliondoa koo lako"! Nilimshuhudia mzee mmoja aliyeelezwa kwa maneno hayohayo. Alinyamaza kidogo, akashika shingo yake kwa mkono mzima, kisha akauliza ugali utakuwa ukipita wapi. Binti yake alikuwa amekwisha kuanza kulia. Ilitubidi tumchoree picha nyuma ya bahasha ya eksirei ili aone kwamba njia ni mbili, na kwamba inayoguswa ni moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uliandike neno zoloto, lakini mara ya kwanza linapotokea umwambie msomaji alishike. Aweke vidole viwili mbele ya shingo, ameze mate, na kitu kigumu kinachopanda chini ya vidole vyake ndicho unachokizungumzia. Baada ya hapo hata asiyewahi kulisikia neno hilo atakufuata mpaka mwisho wa karatasi.

Mwalimu wa Fonetiki, Kampala

Nakubaliana na Dada Muuguzi kuhusu vidole, nami nitaliendea swali la kwanza kwa urefu kidogo, kwa sababu mchanganyiko anaoulalamikia Ndugu Mfasiri umo hata katika vitabu vyetu vya isimu.

Zoloto ni kiungo kizima, tena ni kiungo chenye sehemu nyingi. Kiunzi chake ni magegedu 9, yaani mifupa laini: matatu yakiwa ya pekee na sita yakiwa ya jozi. Gegedu kubwa kuliko yote ni la tairoidi, lenye mabapa mawili yanayokutana kwa mbele, na makutano hayo ndiyo yanayotokeza shingoni mwa mwanamume. Chini yake kuna gegedu la kirikoidi, ambalo ni pete kamili, pana kwa nyuma na nyembamba kwa mbele. Juu yake kuna kidakatonge, gegedu jembamba ambalo tunapomeza hulala kuelekea nyuma na kuifunika njia ya hewa, wakati zoloto zima likipanda juu na kusogea mbele. Ndani ya kiunzi hicho ndimo zilimo nyuzi za sauti. Uwazi ulio kati ya nyuzi hizo ndio unaoitwa glota. Hapo pana kosa ninalolisahihisha kila muhula: glota si zoloto. Glota ni nafasi, nayo hupanuka tunapovuta pumzi na kufungika tunapokohoa.

Koromeo, kwa matumizi ninayoyapendelea katika maandishi ya kitaalamu, ni ule mfereji wa nyuma ya pua na kinywa ambao hewa na chakula huupitia kwa pamoja kabla ya kuachana njia: hewa huingia zolotoni kwa mbele, na chakula huingia umioni kwa nyuma. Najua kwamba wapo waandishi, hasa wa vitabu vya shule vya Kenya ambavyo wengi wetu hapa tunavitumia, wanaoorodhesha koromeo miongoni mwa ala za sauti kwa maana ya zoloto, na wengine huandika kwamba sauti /h/ hutamkiwa koromeoni pale ambapo wenzao huandika glota. Kongomeo nalo utalikuta katika maandishi ya isimu kwa maana hiyohiyo ya zoloto. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hana budi kuvijua vyote. Mwandishi wa karatasi ya hospitali hana sababu ya kumtwisha mgonjwa mzigo huo: achague neno moja na adumu nalo.

Kuhusu "kisanduku cha sauti", nashauri tukiache. Kimefuata Kiingereza (voice box) mguu kwa mguu, na kinamfanya msomaji afikiri kwamba kuna mahali sauti imehifadhiwa. Isitoshe, kutoa sauti si kazi ya kwanza ya zoloto. Kazi yake ya kwanza ni kuilinda njia ya hewa isiingiwe na chakula, maji au mate. Hata mtu anapoinua gunia zito, au mama anaposukuma wakati wa kujifungua, zoloto hufungika ili hewa ibaki kifuani na misuli ya tumbo ipate pa kujiegemeza. Mlio mfupi unaosikika gunia linapotuliwa ni hewa hiyo inayoachiliwa.

Wanaotaka kuisikia kazi ya pili wafanye kama ninavyowafanyisha wanafunzi wa kidato cha kwanza. Weka kiganja mbele ya shingo, utamke "sss" kwa muda mrefu, kisha "zzz". Katika ya kwanza shingo imetulia. Katika ya pili kiganja kinatetema, kwa sababu nyuzi za sauti zimekaribiana na hewa ya mapafu inazifungua na kuzifunga mara nyingi kila sekunde. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayotenganisha saa na zaa, fua na vua. Kwa mwanamume mzima nyuzi hizo huwa na urefu wa takriban milimita 17 hadi 25, na hutetema kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde anapozungumza kwa kawaida. Kwa mwanamke ni takriban milimita 12.5 hadi 17.5, na mtetemo hukaribia mara 200. Ndiyo maana sauti ya mvulana huwa nzito anapobalehe: zoloto lake linakua haraka na nyuzi zinarefuka na kunenepa.

Mniwie radhi kwa jambo moja la pembeni, kwani ni nadra kupata hadhira ya kulieleza. Msikilize mtu wa Pwani akitamka "baba" au "dada". Wengi wao huivutia ile /b/ na /d/ ndani kidogo, na wakati huo zoloto hushuka kabla ya kinywa kuachia hewa. Msemaji wa Luganda, ambaye /b/ yake kati ya irabu huwa laini na midomo haifungiki kabisa, hulitamka neno hilohilo bila kulishusha zoloto, na hapo ndipo Mswahili wa Mombasa anapomtambua kabla hajamaliza sentensi.

Mpwani aliyehamia Jinja

Mwalimu, shikamoo. Kwa hilo la "baba" sikubishii, nimelisikia kwa majirani zangu tangu siku ya kwanza.

Ila kwa koromeo nina neno. Mimi nimezaliwa Mombasa, na nyumbani kwetu koromeo ni koo lote la chini, humo hupita pumzi na humo hupita tonge. Hakuna aliyekuwa akilipima kwa njia moja au mbili. Ile sehemu inayotokeza mbele kwa wanaume tuliiita kikoromeo, na bibi zetu walikuwa wakituonyesha shingoni kwa babu anapokunywa chai. Zoloto nililisikia mara ya kwanza kwa mwalimu wa Kiswahili, si jikoni wala barazani. Sisemi kwamba si neno. Nasema kwamba ni neno la daftarini, na Ndugu Mfasiri aliandike akijua hivyo. Wala asije akaandika "tufaa la Adamu", maana nimeliona na hilo mahali, na kikoromeo kipo tangu zamani.

Nina jambo jingine kuhusu "sauti ya kukwaruza". Mtu wa Pwani ambaye sauti imempotea baada ya kuimba usiku kucha harusini atasema amepwelewa na sauti, au sauti imempwelea. Wa bara atasema sauti imemkauka. Kwa Nakivale na Mbarara nadhani "kukauka" litaeleweka zaidi, lakini si vibaya kuyaandika yote mawili mara moja, kisha uendelee na moja.

Mwalimu wa Fonetiki, Kampala

Marahaba. Unavyolieleza koromeo ndivyo linavyotumika majumbani, na sina mamlaka ya kuwaondolea watu neno lao. Ninachokitetea ni kwamba karatasi inayozungumzia kisu cha daktari haiwezi kutumia neno moja kwa njia ya pumzi na njia ya tonge, kwa sababu anayetia saini anatakiwa ajue ni ipi kati ya hizo itakayokuwa karibu na kisu. Kikoromeo nakikubali kwa ile sehemu inayoonekana, mradi kisitumiwe kwa kiungo kizima, maana wanawake na watoto wana zoloto bila ya kuwa na kikoromeo kinachoonekana.

Msomaji wa Nakivale

Bwana Mfasiri, kutoka huku kwetu nitasema machache. Sisi tuliosoma sekondari Kongo tulifundishwa biolojia kwa Kifaransa, kwa hiyo ukiandika "laringi" wengi waliofika darasa hilo watakuelewa mara moja. Mama yangu na wenzake wasiosoma hawatalielewa laringi wala zoloto, wanasema koo. Liandike zoloto, uweke na laringi mara moja tu, halafu fuata shauri la Dada Muuguzi la kumeza mate. Na tafadhali picha iwepo.

Mfasiri wa Isingiro

Nawashukuru nyote. Nimelikubali zoloto, na kutokana na niliyoyasoma hapa nimeandika rasimu ifuatayo, ambayo naomba muikosoe bila huruma:

"Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, kisha umeze mate. Kitu kigumu kinachopanda na kushuka ni zoloto, ambalo wengine huliita laringi. Hewa hulipitia inapokwenda mapafuni, na ndani yake mna nyuzi za sauti. Tezi itakayopasuliwa iko chini kidogo ya hapo, nayo imelikumbatia bomba la hewa. Neva inayoendesha zoloto hupita nyuma ya tezi hiyo. Neva hiyo ikijeruhiwa, sauti yako inaweza kukauka kwa muda au kwa kudumu."

Nimeliweka zoloto katika ngeli ya LI-YA, kama koo. Nimekutana na mtu aliyeandika "zoloto yangu inauma", na sikujua kama ni suala la ngeli au la Kiswahili chetu cha huku, ambacho huelekeza maneno mengi kwenye I-ZI.

Mwalimu wa Fonetiki, Kampala

LI-YA ndiyo ninayoitumia, na wingi wake ni mazoloto, ingawa sijui utauhitaji lini isipokuwa ukiwaandikia waimba kwaya. "Zoloto yangu" utaisikia sana hapa Kampala, sawa na "koo yangu" na "jino yangu". Katika maandishi rasmi andika "zoloto langu". Ukitaka kutaja mahali, "zolotoni" ni neno halali na linafupisha sentensi.

Muuguzi wa Mbale

Rasimu ni nzuri na inasomeka. Nina marekebisho matatu ya kitabibu, kisha nitakuachia kazi yako.

La kwanza, neva si moja. Kuna ya kulia na ya kushoto, na kila moja inaendesha upande wake. Ikijeruhiwa moja, uzi wa sauti wa upande huo hushindwa kusogea, na mgonjwa anabaki na sauti yenye pumzi nyingi na pengine anapaliwa anapokunywa maji. Zikijeruhiwa zote mbili, nyuzi zinaweza kubaki zimekaribiana, na hapo tatizo si sauti tena bali ni pumzi yenyewe. Ni jambo la nadra, lakini mgonjwa ana haki ya kulisoma kabla ya kutia saini, na karatasi yako ililiruka.

La pili, ulipoandika "neva inayoendesha zoloto" umesema zaidi ya ukweli. Msuli mmoja, ule unaozivuta nyuzi zikaze ili sauti ipande juu, unaendeshwa na neva nyingine iliyo karibu na ncha ya juu ya tezi. Mtu wa kawaida hatajua kwamba neva hiyo imeguswa. Mwimbaji wa kwaya, muadhini na mwalimu wa darasa la watoto wengi watajua, kwa sababu sauti yao haitapanda kama zamani na itachoka mapema. Andika "neva zinazoendesha misuli ya zoloto", kisha ongeza sentensi moja ya kumwomba mgonjwa aseme mapema kama anaitegemea sauti yake kwa kazi.

La tatu linahusu wale wanaokuja na sauti iliyokauka kabla hata ya kupasuliwa. Usiandike chochote kitakachomfanya msomaji aamini kwamba kila sauti iliyokauka imetokana na rovu. Neva ya kushoto ina safari ya ajabu: hushuka kutoka shingoni mpaka kifuani, hupita chini ya upinde wa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo hupanda tena mpaka zolotoni. Ya kulia hugeukia juu zaidi, kwenye sehemu ya chini ya shingo. Kwa sababu hiyo uvimbe wa pafu, tezi zilizovimba kifuani, au hata moyo uliotanuka kutokana na vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi unaweza kuikausha sauti ya mtu ambaye shingo yake haina tatizo lolote. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia zolotoni, na mgonjwa huyo huambukiza wengine anapokohoa. Kwa hiyo andika wazi kwamba mtu ambaye sauti yake imekauka kwa zaidi ya wiki 3, bila mafua wala kupiga kelele, aende akachunguzwe, akiwa na rovu au akiwa hana.

Kuhusu picha, ndugu yetu wa Nakivale ana haki. Ichore shingo kwa upande, si kwa mbele, ili zoloto na umio vionekane kimoja mbele ya kingine. Kwa mbele umio unajificha nyuma ya bomba la hewa, na utakuwa umerudi kulekule kwa koo lililo mbele ya koo. Andika majina manne tu juu ya picha: koromeo, zoloto, bomba la hewa, umio. Kidakatonge kiache, kwa kuwa baadhi ya watu hulitumia neno hilo kwa kile kinachoning'inia nyuma ya kinywa, yaani kilimi, na watafungua kinywa mbele ya kioo wakikitafuta mahali ambapo hakipo.